Kifua cha Baba Mkwe

Faustina alijibanza nyuma ya mlango wa choo cha wodi ya wazazi, mkono mmoja kashika kidonda cha upasuaji, wa pili kashika komeo, na sababu yenyewe ni moja tu: baba mkwe wake alikuwa anapita kwenye korido kwenda kuchukua dawa. Alimsikia akija. Mzee Anyitike alikuwa akigonga fimbo sakafuni makusudi, ko, ko, ko, ili aliyeko mbele ajue ni nani anakuja na ajiondoe mapema. Hiyo ndiyo heshima yake. Na heshima ya Faustina ilikuwa kujificha, hata kama ni chooni, hata kama nyuzi za tumbo zinavuta.

"Unamkimbia nani, dada? Unadaiwa?"

Aliyeuliza ni Sista Catherine, nesi wa wodi ya watoto njiti, aliyekuwa ametumwa kumtafuta.

"Ni baba mkwe."

"Kakupiga?"

"Hapana jamani. Mzee mzuri tu. Ni mwiko, sista. Kwa Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe."

Catherine alikuwa Msukuma. Wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe zao, yeye akazaliwa Rujewa, na kwa miaka aliyofanya kazi Mbeya alikuwa ameshaona mila za kila rangi, akaamua kutoshangaa tena. "Haya," alisema. "Ukimaliza kujificha uje. Mtoto wako kapoa tena."

Si kwamba Faustina alizaliwa na mwiko huo. Yeye Mhehe wa Igowole, na kwao baba mkwe huheshimiwa lakini hakimbiwi. Alipoolewa na Gwakisa, kijana wa Kiwira, alifundishwa: usimtazame mzee usoni, usitaje jina lake, usile naye, mkikutana njiani ingia migombani mpaka apite. Siku hizi mabinti wengi wa Kinyakyusa wenyewe wameulegeza, wanawapigia wakwe zao simu na kuwatumia picha. Faustina akaushika kwa mikono miwili. Mgeni anayetaka kupendwa hucheza ngoma kuliko wenyeji. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuuona uso wa mzee, na Kiwira nzima ikamsifu, wakasema huyu Mhehe katushinda. Sifa ni tamu, zikikolea mtu hasikii hata maumivu.

Mtoto alikuwa amelala na mtoto wa mama mwingine kwenye mashine moja ya joto, kwa kuwa zote zilikuwa zimejaa. Wa kiume, kilo moja na kidogo, ngozi nyekundu iliyokunjamana, mrija wa maziwa puani, kofia ya sufu kubwa kuliko kichwa. Alitolewa kabla ya wakati kwa sababu presha ya mama yake ilipanda ikawa kifafa cha mimba, na madaktari wakachagua kuwapata wote wawili badala ya kuwakosa wote wawili.

"Anapumua mwenyewe sasa, oksijeni tumemtoa," alisema Catherine. "Anachotaka ni kifua cha mtu. Ngozi kwa ngozi, mchana kutwa, kama kangaruu. Hii mashine anagawana, umeme ukiyumba wote wanapoa. Mtu hayumbi."

"Nipe mimi, sista. Nitamshika."

"Jana nilikupa ukazimia naye. Ungemwangusha. Kidonda kina usaha, homa haijashuka. Leo wewe si kifua, wewe ni jiko. Ngoja dawa zifanye kazi. Baba wa mtoto yuko wapi?"

Baba wa mtoto alikuwa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, ndani ya shimo ambalo wenyewe wanaliita duara. Simu yake ilikuwa inajibiwa na yule mwanamke wa mtandao anayesema mteja hapatikani. Mama mzazi wa Faustina, Verediana, alikuwa Igowole na mguu kwenye plasta, kateleza kwenye shamba la chai. Aliyebaki ni Shangazi Yusta, dada wa mzee, aliyekuwa anakaa Uyole na kuleta uji asubuhi na jioni. Lakini Shangazi Yusta alikuwa na kikohozi tangu baridi ya Juni ianze, na Catherine alikuwa amekwisha kumzuia mlangoni.

"Huyo mzee wa fimbo," alisema Catherine. "Ana kikohozi?"

Faustina aliangalia chini. "Hana."

"Basi kifua tunacho."

*

Ujumbe wa kwenda kwa baba mkwe haupelekwi kwa mdomo wa mkamwana. Lazima apatikane mtu wa katikati. Kwa hiyo Shangazi Yusta alipoleta uji dirishani, Faustina alimweleza yote taratibu, akiona aibu kila neno: kwamba mtoto anapoa, kwamba panatakiwa kifua, kwamba amwombe baba.

Yusta alikohoa kwenye khanga yake hadi macho yakatoka machozi. "Kyala, Mungu wangu! Nikamwambie kaka yangu avue shati akae wodi ya wanawake wanaonyonyesha? Na wewe humo humo?"

"Shangazi, ni mtoto wake."

"Ni mjukuu wake, ndiyo. Na wewe ni mkamwana wake. Haya mambo ya kizungu yatatumaliza." Lakini alichukua kikombe akaondoka, na Faustina akamwangalia akivuka uwanja kuelekea banda la wasindikizaji, ambako mzee alikuwa anashinda kutwa kwenye benchi, mgongo kwa hospitali.

Alirudi jioni na uji mwingine.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kanyamaza. Ukimya wa mzee unaujua maana yake. Kunywa uji, mama, maziwa yatoke."

Faustina alikunywa uji ule. Alikuwa na hasira ya kweli, ya kutaka kuvunja kikombe. Alijiona mjinga. Miaka yote ya kuruka mitaro na kujitupa migombani, amechanika magauni mangapi, na siku moja tu anayomhitaji mtu huyo, anajibiwa kwa ukimya. Alimwambia Catherine kwamba mzee amekataa. Catherine alitikisa kichwa akasema mtu halazimishwi, akaongeza pamba na kofia ya pili juu ya mtoto.

Kesho yake asubuhi Faustina alipopelekwa kwa kiti cha magurudumu kukamua maziwa, alikuta manesi wawili wameinamia mashine. Mmoja alikuwa anamsugua mtoto mgongoni, mwingine ameshika mpira wa hewa mdomoni mwake. Mtoto alikuwa wa buluu kwenye midomo. Kisha kifua kile kidogo kikainuka, kikashuka, kikainuka tena.

"Alisahau kupumua," alisema Catherine akijifuta jasho. "Wanasahau hawa, wakipoa zaidi. Tumemkumbusha."

"Atasahau tena?"

Nesi huyu hakuwa mtu wa kupamba maneno. "Akiendelea kupoa, atasahau. Na sisi tuko wawili, watoto unawaona."

Faustina alisimama kutoka kwenye kile kiti.

"Unakwenda wapi na drip?"

"Kumtafuta mtu mmoja."

*

Alivuka uwanja peku, kitenge juu ya gauni la hospitali, ameshika chupa ya drip juu mwenyewe. Baridi ya Mbeya ya asubuhi ile ingetosha kumrudisha, lakini homa ilimsaidia. Kwenye banda watu walikuwa wanakunywa chai na kuuliziana wagonjwa. Mzee Anyitike alikuwa kwenye benchi lake, koti kubwa la rangi ya udongo, kofia mapajani. Mtu mmoja akasema, "Mzee, si mkamwana wako huyo?" na kabla hajamaliza, mzee alikuwa ameshageuka na kutazama ukuta. Aligeuka kwa uzoefu.

Shangazi Yusta alitoka mbio na kikombe mkononi. "Faustina! Rudi! Pita kule!"

Hakupita kule. Alisimama nyuma ya mzee, karibu kiasi cha kunusa tumbaku kwenye koti.

"Baba," alisema. "Shikamoo."

Wanyakyusa waliokuwepo walijua wanachokiona. Wasio Wanyakyusa walijua kwa kuwatazama wenzao.

Mzee aliujibu ukuta. "Marahaba." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kuna nini hata uje mwenyewe? Yusta yupo."

"Mtoto aliacha kupumua sasa hivi."

Mabega ya mzee yalishtuka. "Yusta kaniambia anaongezeka. Jana kaniambia anaongezeka vizuri, nikamshukuru Mungu."

Faustina alimwangalia Yusta. Yusta alikuwa anakitazama kikombe chake.

"Hakukwambia kwamba nimekuomba kifua?"

"Kifua?"

Hapo ndipo Faustina alipoelewa, na hasira yake ikabadili njia kama maji yaliyofunguliwa bwawa. "Ningesemaje vile mimi?" Yusta alilalamika. "Kwa kaka yangu! Maneno ya maziwa na vifua! Nilijua mtoto atapata nafuu tu, na aibu itakuwa imepita." Alikuwa anasema kweli, maskini. Alidhani analinda nyumba.

"Baba, geuka," alisema Faustina.

"Mwanangu..."

"Geuka unitazame. Mtoto anapoa. Anatakiwa mtu wa kumweka kifuani mchana kutwa. Mimi nina homa, Gwakisa yuko shimoni, shangazi anakohoa. Nimekukimbia miaka yote nikiamini ni heshima. Leo nikikukimbia nitakuwa namkimbia mwanangu. Sitaki."

"Unajua unafanya nini? Ukoo watatutoza faini."

"Watutoze."

Kidole cha mzee kilikuwa kinasugua ukingo wa kofia. Kisha akageuka, taratibu, mwili mzima, kama mtu anayegeuka na mzigo kichwani, akamtazama mke wa mwanawe usoni. Faustina naye alimtazama. Alitegemea uso wa kutisha. Alikuta macho mekundu ya mzee aliyelala kwenye benchi, na kidevu kile kile cha Gwakisa, na akashangaa kwamba kwa kidevu tu alikuwa akiruka mitaro.

"Huyo nesi yuko wapi?" aliuliza mzee, akaanza kufungua vifungo vya koti.

*

Catherine alimwosha mikono mpaka kwenye viwiko, akamwosha kifua kwa maji ya moto na sabuni, akimwuliza kama anavuta. Mzee alisema ananusa ugoro. Catherine akamwambia kuanzia leo hanusi. Mzee akatoa kopo lake mfukoni na kulitupa kwenye ndoo ya taka bila kubishana, na hilo, kwa waliomjua, lilikuwa kubwa kuliko la mwiko.

Chumba cha kangaruu kilikuwa na vitanda vinne na wanawake watatu. Mzee alipoingia bila shati, mbavu zinaonekana, malaika ya kifua meupe, mmoja alivuta shuka hadi shingoni.

"Sista, mwanamume humu? Sisi tukae uchi mbele ya babu wa watu?"

"Mimi sioni," alisema mzee, macho ameyafumba kabisa. Alipapasa kitanda kwa mkono, akakosa, nusura akae chini. Mwanamke mwingine akacheka, kisha wote wakacheka, na yule wa shuka akasema haya, akae, lakini atazame dirishani. Walifunga kitenge kwenye kamba kati ya kitanda chake na vyao.

Mtoto aliwekwa kifuani wima, miguu imekunjwa kama ya chura, sikio kwenye moyo, akafungwa kwa kitambaa na kufunikwa na lile koti. Mzee alikaa hivyo bila kujongea. Faustina, kwenye kiti cha magurudumu, aliona kidole cha baba mkwe wake kikipapasa kofia ya mtoto na kusimama hapo, kikiogopa.

"Mwepesi kama kifaranga," alisema mzee. "Kweli yumo humu?"

"Yumo, baba."

Ilipofika saa ya maziwa, ilibidi Faustina akamue pale pale, upande wa pili wa kitenge, ili maziwa yaingie kwenye mrija yakiwa ya moto. Mzee alivuta kola ya koti ikamfunika uso wote, akakaa gizani humo akiimba wimbo wa kanisani kwa pumzi, apate kutosikia. Faustina alilia na kucheka kwa pamoja, na kidonda kikamwuma. Hakuona haya tena. Haya aliziacha kule uwanjani, na hakuwa na mpango wa kuzirudia.

Mtoto hakusahau kupumua siku ile, wala iliyofuata. Usiku mwanamke mmojawapo wa wale watatu, aliyekuwa na maziwa na mwili mkubwa, alimpokea ili mzee anyooshe mgongo. Homa ya Faustina ilipungua, ikarudi, kisha ikakata. Daktari akasema sasa anaweza kumshika mwanawe, lakini kwa zamu, mpaka kidonda kikauke.

*

Habari za aibu zina miguu mirefu. Kabla ya wiki kuisha, Mzee Eliezeri, mdogo wake Anyitike na msemaji wa ukoo, aliteremka kutoka Kiwira akiwa na suti yake ya misibani, Shangazi Yusta nyuma yake. Na nyuma ya Yusta, Gwakisa. Alikuwa ametoka duara na kukuta simu imejaa ujumbe, akapanda lori la tumbaku kutoka Chunya. Vumbi lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

Catherine aliwaruhusu kuishia mlangoni. Mzee Anyitike alikuwa kitandani kwake na koti lake. Faustina alikuwa kwenye kiti, ubavuni mwake, anakunja nepi.

Eliezeri hakumtazama Faustina. Alimsemesha kaka yake. "Kaka, tumesikia tukakataa kuamini. Sasa tumeona. Umekaa chumba kimoja na mkamwana, hamna shati, hamna haya. Kuna ng'ombe hapa wa kuchinjwa kusafisha ukoo. Na huyu binti atapiga magoti aombe radhi, kisha arudi kwao Igowole mpaka ukoo umwite. Kama ukoo utamwita."

Anyitike alijibu kitu. Midomo tu ilionekana.

"Sema kwa sauti, kaka."

"Siwezi," alinong'ona mzee. "Kalala."

Na hivyo maneno makali kuliko yote aliyowahi kusema maishani aliyasema kwa kunong'ona, mshipa wa shingo umesimama, huku Eliezeri akilazimika kuinama na kuweka mkono sikioni.

"Ng'ombe mchukue. Yule mwekundu, mchinje, mle, mlambe vidole. Mkimaliza nyama mtanikuta hapa hapa. Mwiko ule babu zetu waliuweka ili nyumba isivunjike. Nyumba ilikuwa inakufa kwenye mashine, Eliezeri, mimi nikiwa nje natazama ukuta kwa heshima. Dada yetu analeta uji na uongo. Huyu binti ndiye aliyekuja. Mkimrudisha Igowole, na mimi nihesabuni Mhehe."

Yusta alianza kulia. Eliezeri alinyoosha mgongo. "Na wewe, Gwakisa? Mke ni wako."

Gwakisa alimtazama baba yake, akamtazama mkewe, akalitazama lile koti lililokuwa linapanda na kushuka. Alikuwa kijana mwema lakini mzito wa maneno mbele ya wakubwa. "Fau," alisema, "si upige goti tu, yaishe? Goti moja. Halafu tuendelee."

Faustina aliiweka nepi chini. Alimpenda mume huyu, na hilo ndilo lililomuuma.

"Sipigi," alisema. "Na usidhani ni kidonda. Hata kingekuwa kimepona nisingepiga. Niombe radhi kwa lipi? Nimemwita baba yako akaja. Wewe nilikuita hukupatikana. Sikulaumu, ulikuwa unatafuta. Lakini usitoke huko na vumbi lako ukaniambia goti. Mwambie baba yako mdogo autangazie ukoo kwamba Mhehe amekataa. Likitokea tena kesho, nitavuka ule uwanja tena, na sitagonga fimbo."

Gwakisa akaanza kufungua vifungo vya shati, mpaka Catherine akamfokea kutoka mlangoni kwamba na vumbi hilo hata mlango hausogelei, bafu liko kule. Akaenda. Eliezeri alibaki kasimama na suti yake.

Faustina alifungua gauni juu, akajivuta karibu na kitanda. "Zamu yangu, baba."

"Ngoja kidogo," alinong'ona mzee. "Ndiyo kwanza kalala."

"Umemshika tangu asubuhi."

"Kidogo tu, mwanangu. Shusha sauti, utamwamsha."

Faustina alimtazama mzee machoni, mbele ya msemaji wa ukoo, mbele ya dada mtu na wodi nzima, akanyoosha mikono yote miwili.

"Aamke!" alisema kwa sauti ya kusikika hadi lango kuu. "Mlete mwanangu, baba!"

Mtoto aliamka. Alilia, na kilio chake kikamfuata Eliezeri korido nzima mpaka nje.